Mpangaji

Miaka kumi na mmoja nilipanga magari.
Si kuyapanga foleni uani, la:
nilipanga gari ambalo halijazaliwa,
liwe na milango mingapi, libebe magunia mangapi,
nani atalitaka mwaka wa nne kuanzia leo
na siku hiyo atakuwa na shilingi ngapi mfukoni.
Kiwanda kilikuwa Kizota, ng'ambo ya reli,
na vumbi la Septemba lilipaka rangi kabla yetu.

Nilikwenda sokoni na futi ya fundi cherehani.
Niliwapima kina mama wa Kibaigwa wakipakia mahindi,
kutoka ardhini hadi pale kiwiko kinapokataa:
sentimita sabini na nne.
Nikaandika, nikapigia mstari mara mbili.
Kikaoni wakasema bodi ya themanini na nane
kalibu yake imeshalipiwa.
Mkurugenzi akafunga kalamu.
Zile kumi na nne nililala nazo miaka mitatu.

Nilipoacha kazi, walisema nimebadili gia angani.
Binamu yangu Chidawali, dereva wa lori la saruji,
alicheka hadi lori likayumba:
"Umeshuka kwenye gari linalotembea
ukapande kompyuta isiyo na tairi?"
Mama, kule Mvumi, aliuliza kwa simu, polepole,
"Sasa unauza nini?"
Nikasema, ushauri.
Kimya. Nikasikia kuku nyuma yake.
"Ushauri," akasema, "sisi huku tunapewa bure
na bado hatuutaki."

Sasa nimepanga chumba Nkuhungu,
meza moja, kiti cha mgeni, intaneti ya kubahatisha.
Asubuhi Mama Lechipya akipita na ndoo huita,
"Mpangaji! Umeamka?"
na neno lile lile lililokuwa kwenye kitambulisho changu
linaingia mlangoni likidai kodi.

Mteja wa kwanza: Nyemo Chiloleti,
mashine tatu za kukamua alizeti,
madaftari saba, na mafuta yanayopotea
baina ya daftari la nne na la tano.
Alitaka mfumo. Alilitamka neno hilo
kama mtu anayeagiza soda baridi.
Ningemuuzia. Nilikuwa nao kwenye laptopu,
wenye grafu zinazopanda kwa rangi ya zambarau,
na kodi ya miezi mitatu ilikuwa imenikaa kooni.
Nilikaa siku mbili juu ya gunia la mashudu, nikitazama.
Mizani iko mlangoni, pipa liko nyuma;
katikati vijana wanapita na ndoo, wakipiga soga,
na sakafu inakunywa.
Nikamwambia: hamisha mizani kwanza.
Mfumo tutauongelea baada ya mavuno.
Alinitazama kama mwizi aliyerudi kudai chenji.
"Hicho tu? Nauli yote ile, kwa hicho?"

Nikatoka nje kumeza mate.
Kando ya barabara, kwa fundi wa kuchomelea,
ilisimama pikapu yangu. Nayajua mashavu yake,
nilibishania taa zile wiki nzima.
Bodi ilikuwa imekatwa nyuma, ikashushwa,
ikaungwa kwa bawaba za mlango wa nyumba.
Sikuuliza. Nilitoa futi mkobani.
Sabini na tano.
"Unapima nini, dada?" Miwani yake juu ya paji la uso.
"Umekosea kwa sentimita moja," nikasema.
"Wanawake wa hapa ndio walionionyesha," akajibu,
"mimi nilichoma tu."

Nyemo alinilipa nusu, na dumu la lita kumi.
Mizani aliihamisha wiki iliyofuata, bila kunipigia;
niliambiwa na Chidawali, aliyepita pale kununua mafuta.

Usiku huu naandika ankara ya nusu iliyobaki.
Tarehe nimejaza. Jina nimejaza.
Penye "bidhaa" kalamu imesimama,
umeme umekatika, na dirishani
Mama Lechipya anauliza kama mpangaji ana kiberiti.